Siri ya sauti ya gitaa imo katika ubao wa milimita mbili na nusu

Na Mwandishi Wetu

GITAA lisilotumia umeme huonekana kuwa chombo chepesi kutengeneza. Ni mbao mbili bapa, mbavu zilizopindwa, tundu katikati, shingo na nyuzi sita. Seremala hodari wa Keko jijini Dar es Salaam, aliyezoea makabati na vitanda, akilitazama kwa mara ya kwanza anaweza kusema kwamba hiyo ni kazi ya siku mbili. Ukweli ni kwamba fundi anayelitengeneza kwa mikono, peke yake, huchukua wiki kadhaa na pengine miezi, na sehemu kubwa ya muda huo huishia kwenye kiwiliwili, yaani lile sanduku lenye umbo la nane ambalo mpigaji huliegemeza kifuani.

Katika mazungumzo ya wapenzi wa muziki nchini huwa inasikika hoja kwamba Tanzania inauza sauti na kununua chombo. Wenye hoja hiyo huutaja mpingo, mti unaotoa mbao nyeusi zinazotengenezewa klarineti na zumari za Ulaya, na ambao baadhi ya mafundi wa magitaa wa Ulaya na Marekani nao huutumia. Huuliza, kama mti ni wetu, kwa nini magitaa yote madukani yanatoka nje?

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaanzia mahali pasipo. Ili kuona ni kwa nini, hapana budi kueleza namna kiwiliwili cha gitaa kinavyoundwa na mahali ambapo sauti yake inatoka.

Tunazungumzia hapa gitaa kavu, lile ambalo wanamuziki wa zamani hapa nchini walizoea kuliita galatoni, jina lililotokana na ala zenye chapa ya Gallotone kutoka Afrika Kusini. Ndiyo aina ya gitaa iliyomjengea sifa Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye mtafiti Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Gitaa la umeme ni habari nyingine, kwa sababu kiwiliwili chake kwa kawaida ni ubao mzito usio na uwazi ndani, na sauti yake hukuzwa na mtambo.

Uzi wa gitaa peke yake hauna sauti ya maana. Ni mwembamba mno kuweza kusukuma hewa, kama vile mtu hawezi kujipepea kwa sindano. Kazi ya kusukuma hewa hufanywa na ubao wa mbele wa kiwiliwili, ambao katika makala haya tutauita uso. Uzi unapopigwa, mtetemo wake hupita katika daraja, kile kipande cha mbao kilichogundishwa chini ya tundu, na daraja huutikisa uso mzima. Hewa iliyomo ndani ya sanduku nayo hutikisika ikitoka na kuingia kupitia tundu, kwa namna ileile inayotokea mtu anapopuliza juu ya mdomo wa chupa tupu. Katika magitaa mengi hewa hiyo hutetema takriban mara 100 kwa sekunde, na uso wenyewe takriban mara 200. Hapo ndipo noti nzito za gitaa hupata nguvu zake.

Kwa hiyo uso unatakiwa kuwa mwepesi na wenye kunyumbuka. Tatizo ni kwamba nyuzi sita za chuma zilizokazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 au zaidi, ambayo ni zaidi ya uzito wa mfuko mmoja wa saruji. Nyuzi za nailoni huvuta takriban kilo 40. Mzigo huo hauondoki usiku wala mchana, na unabebwa na ubao ambao unene wake ni milimita mbili hadi tatu. Fundi akiuacha uso mnene, gitaa litadumu miaka mingi likiwa bubu. Akiupunguza kupita kiasi, litaimba vizuri kwa muda, kisha uso utavimba nyuma ya daraja, utazama mbele yake, na mwisho utapasuka. Ufundi wote wa kiwiliwili ni kutafuta mahali pa kusimama kati ya hatari hizo mbili.

Mbao zinazopendwa kwa ajili ya uso ni za sprusi, mti wa jamii ya misonobari unaoota katika nchi za baridi, au za mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini. Si mbao za fahari. Ni nyeupe au za hudhurungi, laini kiasi kwamba ukucha huacha alama, lakini zikilinganishwa na uzito wake mdogo zina ukakamavu mkubwa. Gogo hupasuliwa kuelekea kiini chake, ili mistari ya umri wa mti isimame wima ndani ya ubao. Ubao uliopasuliwa ovyo hupindika na hupoteza ukakamavu. Ndiyo maana mafundi wengi hupendelea gogo lililochanwa kwa shoka na kabari badala ya msumeno, kwa kuwa kabari hufuata njia ya nyuzinyuzi za mti wenyewe.

Uso hautengenezwi kwa ubao mmoja mpana. Kipande kimoja hupasuliwa katikati ya unene wake na kufunguliwa kama kitabu, ili nusu ya kulia iwe taswira ya nusu ya kushoto. Kingo zinazokutana hupigwa randa ndefu, kisha fundi huzishikilia pamoja mbele ya taa. Mwanga ukipenya hata kwa upana wa unywele, randa inarudi kazini. Kiungo hicho kikishagundishwa vizuri hakionekani tena, na kitakaa chini ya mzigo wa nyuzi muda wote wa uhai wa chombo.

Baada ya hapo kunafuata kazi ya kupunguza unene, na hapa ndipo fundi wa mikono anapotengana na kiwanda. Kiwanda hupitisha mbao zote katika mashine iliyotegwa kwa kipimo kimoja. Fundi hupiga randa kidogo, huushika ubao kwa kingo zake na kuukunja taratibu kwa vidole gumba, huugonga karibu na sikio na kusikiliza, kisha hurudia. Sababu ya uangalifu huo ni ya kihesabu. Ubao ukipunguzwa unene kwa asilimia 10, ukakamavu wake hupungua kwa takriban asilimia 27. Maana yake ni kwamba tofauti kati ya milimita 3 na milimita 2.7, ambayo ni sawa na karatasi chache za daftari, huondoa zaidi ya robo ya nguvu ya ubao. Na hakuna mbao mbili zinazofanana, hata zikitoka katika gogo moja. Kipimo kilichofaa jana kinaweza kuharibu ubao wa leo.

Uso ukiwa mwembamba kiasi hicho hauwezi kustahimili mzigo peke yake, kwa hiyo ndani yake hugundishwa fito nyembamba za mbao. Mjenzi wa majahazi angezitambua mara moja kuwa ni mataruma, kwa sababu kazi yake ni ileile ya kuzuia ngozi nyembamba ya chombo isisalimu amri mbele ya nguvu inayoisukuma. Tofauti ni kwamba mataruma ya gitaa yanatakiwa pia kuruhusu uso utetemeke. Fundi huyachonga kwa patasi baada ya kuyagundisha, akiyapunguza kimo na kuyafanya membamba kuelekea ncha zake. Taruma likipunguzwa kimo kwa nusu hubaki na sehemu moja tu ya nane ya ukakamavu wake, hivyo patasi inayoteleza mara moja si jambo la kufanyia mzaha.

Mpangilio wa mataruma hayo ndio umegawa familia mbili kubwa za magitaa duniani. Ya kwanza ina jina la Antonio de Torres, seremala aliyezaliwa mwaka 1817 karibu na mji wa Almería, kusini mwa Hispania. Torres alikipanua kiwiliwili cha gitaa, akaupa uso mbinuko mdogo sana, na akaukamilisha mpangilio wa mataruma yaliyotandazwa kama upepeo uliokunjuliwa. Magitaa ya nyuzi za nailoni yanayotengenezwa leo kwa sehemu kubwa bado yanafuata njia yake. Familia ya pili inahusishwa na Christian Frederick Martin, fundi wa Kijerumani aliyehamia Marekani mwaka 1833. Katika miaka ya 1840 karakana yake ilianza kutumia mataruma mawili makubwa yanayokatana kama herufi X. Mpangilio huo ulikuja kuwa na manufaa makubwa nyuzi za chuma zilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwa ulikuwa na nguvu ya kuzihimili.

Torres ndiye pia aliyefanya jaribio ambalo linahusu moja kwa moja hoja ya mpingo. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye uso wa mbao nzuri ya kawaida, lakini mgongo na mbavu akaziunda kwa karatasi ngumu. Chombo hicho kipo hadi leo katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Hakukitengeneza ili kiuzwe kwa wapigaji. Alitaka kuonyesha kwamba sauti ya gitaa hutengenezwa na uso, na kwamba sehemu nyingine za sanduku huja baadaye.

Miaka 156 baadaye, yaani mwaka 2018, watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio linalokaribiana na hilo. Yalitengenezwa magitaa sita yanayofanana kwa kila hali, isipokuwa mbao za mgongo na mbavu, ambazo zilianzia zile za bei mbaya kutoka Brazil hadi za kawaida kabisa. Wapigaji 52 walipewa wayapige katika mwanga hafifu, wakiwa wamevaa miwani ya wachomeleaji ili wasione wanachopiga. Alama walizotoa kuhusu ubora wa sauti zilikaribiana mno, na mbao ya bei mbaya haikuonekana kuizidi ile ya bei nafuu.

Haina maana kwamba mgongo na mbavu ni kazi ya kulipua. Mbavu hasa ndizo zinazowatoa jasho wanaojifunza. Ubao wa urefu wa takriban sentimita 80 na unene wa milimita mbili hulowanishwa, kisha hukandamizwa taratibu juu ya bomba la chuma lililopashwa moto kiasi kwamba tone la maji huruka na kutoweka. Joto hulainisha ile dutu inayoshikamanisha nyuzinyuzi za mti, na kwa muda mfupi mbao hukubali kupinda kama ngozi. Fundi husikiliza kwa mikono yake. Akiharakisha, hasa pale kwenye kiuno ambapo mkunjo ni mkali, utasikika mlio mdogo mkavu, na ubao huo kwisha kazi yake. Mafundi wa udi, ala ambayo taarab ya Zanzibar imeitegemea kwa zaidi ya karne moja, wanaijua taabu hiyo vizuri, kwa sababu mgongo wa udi ni vipande vingi vyembamba vilivyopindwa na kuunganishwa pamoja mithili ya nusu ya tikiti maji.

Mbavu zilizopindwa hufungwa katika kalibu ya mbao ili zisirudi zilivyokuwa. Kwa kuwa ukingo wa milimita mbili hautoshi kushika gundi, ndani yake huongezwa utepe wa mbao uliokatwa meno ili upate kupinda. Vinavyotumika kuubana utepe huo wakati gundi ikikauka, hata katika karakana zenye sifa kubwa, mara nyingi ni vibanio vya nguo vya kawaida. Kisha mgongo na uso hugundishwa, na sanduku linafungwa. Kuanzia hapo njia pekee ya kuingia ndani ni tundu lenye kipenyo cha takriban sentimita 10, na makosa yaliyosahaulika humo hubaki humo.

Mengine yanakwenda haraka. Kingo huchongwa mfereji na kutiwa utepe mgumu wa kuzikinga zisigongwe, jambo ambalo pia huzuia unyevu kuingia kwenye ncha za nyuzinyuzi. Shingo huunganishwa; kwa Wahispania tangu mwanzo wa kazi, kwa wanaofuata njia ya Martin baada ya sanduku kukamilika. Kisha hupakwa vanishi au shelaki, kwa tabaka jembamba, kwa kuwa rangi nene hukaba sauti kama blanketi.

Turudi sasa kwenye mpingo. Mbao zake ni nzito kiasi cha kuzama majini, na mgongo wa gitaa uliotengenezwa kwa mpingo ni mzuri kwa macho na hulia kama kengele ukigongwa. Lakini mti wenyewe hukua taratibu mno, huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia umri wa kuvunwa, na mara nyingi gogo lake ni jembamba, limepinda au lina uwazi. Klarineti inahitaji kipande kidogo tu. Mgongo wa gitaa unahitaji mbao mbili zenye upana wa takriban sentimita 20 kila moja, zisizo na kasoro. Hizo ni adimu, ndiyo sababu mafundi wengi wanaoutumia mpingo huunda mgongo kwa vipande vitatu au vinne. Aidha, tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti hiyo iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika masharti hayo, lakini magogo na mbao za mpingo hazikuondolewa. Kwa maneno mengine, mkataba huo unamrahisishia mambo anayesafirisha ala kuliko anayesafirisha gogo.

Wilayani Kilwa, ambako vijiji vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wananchi, mpingo una bei nzuri bila kusubiri magitaa. Kwa seremala anayetaka kuanza, mpingo si mahali pa kuanzia. Mkangazi na mninga, mbao ambazo tayari zinapita mikononi mwa mafundi wetu kila siku kuelekea kwenye milango na vitanda, zinatosha kabisa kwa migongo na mbavu, na jaribio la mwaka 2018 halitoi sababu ya kuzionea haya.

Kinachokosekana ni uso, kwa maana sprusi haioti hapa. Lakini tukipiga hesabu, ubao wa uso uliokwisha kupunguzwa haufikii robo kilo. Fundi anayelazimika kuagiza robo kilo ya mbao kwa kila gitaa hajakwamishwa na malighafi. Kinachoweza kumkwamisha kweli ni hewa. Mbao huvimba kwa upana zinapovuta unyevu na husinyaa zinapokauka, na uso wa sentimita 40 ukitolewa kwenye hewa kavu ukapelekwa kwenye hewa nzito ya pwani unaweza kutanuka kwa milimita mbili hadi tatu. Mataruma yaliyokatiza upana wake hayatanuki naye, na matokeo ni kuvimba. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kwani gitaa lililogundishwa Dar es Salaam wakati wa masika na kupelekwa Dodoma kiangazi litapasuka bila kuguswa na mtu. Kwa sababu hiyo karakana za nje huwa na chumba kilichofungwa ambamo unyevu wa hewa hushikiliwa kati ya asilimia 45 na 50, na mbao hukaa humo muda mrefu kabla ya gundi kufunguliwa.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua gitaa katika duka moja la jijini, likiwa na lebo inayosema ni la mbao halisi. Masika ya kwanza yalipopita, tabaka za plaiwudi zilianza kuachana kuzunguka tundu, na hapo ndipo lilipojulikana ni la mbao gani. Anayenunua leo anaweza kuepuka hilo bila kuwa fundi. Atazame ukingo wa tundu la sauti kwenye mwanga. Ikiwa mistari ya uso inaonekana ikishuka moja kwa moja katika unene wa ubao, huo ni ubao mmoja. Ikiwa panaonekana tabaka tatu zilizolaliana kama mkate uliopakwa siagi, hiyo ni plaiwudi, na muuzaji hana budi kupunguza bei.